Sakafu ya Chumba cha Miska

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Nesi Jane wa kliniki ya pumu amenipa karatasi yenye mistari, niibandike jikoni. Kila asubuhi na jioni Miska apulize kile kibomba cha kupimia pumzi, niandike namba aliyofikia, na kila Jumatano nimtumie picha ya karatasi. Leo amefika 160. Kwa mtoto wa miaka saba mwenye kimo chake, anasema Jane, angependa kuona mia mbili na kitu. Karatasi ina nafasi ya namba tu. Mengine nitayaandika humu, maana yananijaa na sina wa kumwambia.

Jane ni Mkenya, mtu wa Nakuru, hazunguki na maneno. Vipimo vimeonyesha Miska ana aleji ya vumbi la nyumbani, hasa utitiri, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mazulia. Dawa aendelee nazo, pampu ya kahawia kila siku na ya buluu akibanwa. Lakini sakafu nayo tuiangalie. Nikamwambia kwangu napiga huva, ile mashine ya kufyonza vumbi, kila Jumamosi. Akaniangalia kwa upole.

"Jumamosi peke yake haitoshi, Mama Miska."

Nimerudi na basi hadi Thornton Heath nikijihisi nimeitwa mchafu.

Alhamisi, 12 Septemba

Wifi yangu Malak amehamia kwetu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, Riyadh. Miaka kumi na moja alifanya kazi za nyumba kwa familia moja ya Kiomani karibu na Edgware Road. Familia imerudi Maskati, yeye amebaki hana kazi wala pa kulala. Aliachika zamani, na hakujaaliwa mtoto. Riyadh anasema ni mpaka apate chumba. Atalala sebuleni.

Nimempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kala kidogo, kisha akaosha vyombo vyote, na vile vilivyokuwa safi kabatini pia.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua. 155.

Jumanne, 17 Septemba

Nimetoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, nafika mlangoni nakuta zulia la chumba cha Miska limekunjwa na kufungwa kamba, limesimamishwa kando ya mapipa. Ndani, Wifi amepiga magoti juu ya mbao tupu, kanga kaifunga kiunoni, anafuta. Yeye na Riyadh walimpigia simu mwenye nyumba, Bwana Keyur, kumwomba ruhusa, naye kakubali. Mwenye nyumba wamemwomba. Mimi hawakuniuliza.

Riyadh ananiambia, "Si ndivyo alivyosema nesi?" Ni kweli, ndivyo alivyosema nesi. Kwa hiyo nimekwenda kuvua koti.

Wifi hafagii. Anasema ufagio mkavu unalirusha vumbi juu, mtoto analivuta, kisha linarudi palepale. Anatumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji matupu. Kitambaa anakikamua mpaka hakidondoshi hata tone, kwa sababu sakafu ikilowa inaleta ukungu, na ukungu nao ni adui wa kifua. Anaanzia pembe ya mbali, chini ya kitanda, kwenye ubao wa ukutani, ule unaozunguka chini kabisa, halafu anarudi nyuma taratibu hadi mlangoni. Yote haya kanieleza bila kuulizwa, kama mtu anayemfundisha kazi msichana aliyeanza jana.

Jumanne, 24 Septemba

185. Wifi anapiga deki kila siku baada ya swala ya alfajiri, na tena Miska akiwa shuleni. Shuka anazifua kwa maji ya moto.

Alhamisi, 3 Oktoba

205. Riyadh kaisoma karatasi kwa sauti, akambusu dada yake kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nina sufuria mkononi.

Nashukuru. Naandika hapa kwamba nashukuru, ili nilione neno lenyewe. Mtoto halali tena ameinuliwa kwa mito mitatu. Ni mama gani asiyefurahi?

Jumapili, 6 Oktoba

Miska anaelewa Kiswahili chote, lakini tangu aanze shule hunijibu kwa Kiingereza. Nimembembeleza miaka mitatu na kukata tamaa. Leo nimemsikia chumbani akimwambia Wifi, "Shangazi, hapa bado pana vumbi." Kwa Kiswahili, hata lafudhi ni yetu ya visiwani. Nikamuuliza Wifi kafanyaje. Kasema hakufanya lolote, anajifanya tu hajui Kiingereza, mtoto anamhurumia.

Wote wawili walikuwa wamepiga magoti na vitambaa vyao, wanacheka. Nilibaki mlangoni. Sikutaka kuikanyaga sakafu na viatu vya kazini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimempeleka Miska shule mwenyewe. Mwalimu wake, Bi Marion, akaniuliza kama leo shangazi hajambo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeamka kabla ya alfajiri nimpigie deki mwanangu chumba chake. Nafika, mbao zina unyevunyevu, Wifi keshamaliza. Nikakamua kitambaa nikaanza upya toka pembe ya mbali. Wifi kapita ukumbini, kaniona, kaenda kumwaga ndoo yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo kaamka mapema zaidi.

Jumapili, 20 Oktoba

210 asubuhi, 195 jioni. Baridi imeanza, radieta zimewashwa. Saa kumi na mbili jioni Miska alikohoa kitandani, nikakimbia na pampu ya buluu. Nilipofika aliangalia nyuma yangu, mlangoni, akasema, "Shangazi yuko wapi?"

Nilimpa pampu. Mikono yangu ilikuwa imara kabisa. Ndani nilikuwa naungua.

Nimekuwa nikimwangalia sana Wifi siku hizi. Anavyomtenganishia Miska miiba ya samaki. Anavyosema "mtoto wetu". Anavyoijua namba ya asubuhi kabla yangu. Alipokuja nilimwonea huruma, mtu mzima kubeba maisha yake kwenye mabegi mawili. Sasa nikisikia ndoo inajazwa maji nasikia kama mtu anahesabu makosa yangu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika hili kwa sababu si la kumwambia mtu.

Leo sikuwa na zamu. Jana nilimwambia Wifi apumzike, chumba cha Miska nitakifanya mimi. Nimekifanya kwa saa nzima. Nimeinua kitanda, nimefuta nyuma ya kabati, nimebadilisha maji mara tatu. Miska alikaa juu ya kitanda akinisimulia habari za shule, kwa Kiingereza, lakini ananisimulia. Nilikuwa na furaha.

Wifi kaingia. Kainama, kapitisha kidole kwenye ubao wa ukutani nyuma ya mlango, kakiangalia. Kisha kaenda kuleta kitambaa chake.

Nikasema, "Wifi, kama ulitaka mtoto wa kumfutia sakafu, ungezaa wako."

Miska alikuwepo. Nilisema polepole kabisa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Wifi alimaliza kufuta pale nyuma ya mlango. Kaenda akakisuuza kitambaa, kakikamua, kakianika kwenye radieta, kakinyoosha pembe zake. Ndipo akasema, "Sawa, Kulthum." Katika miaka tisa ya ndoa yangu hajawahi kuniita kwa jina. Siku zote nilikuwa wifi.

Jumatano, 30 Oktoba

Amehama. Kapata chumba Southall kwa mwanamke wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu, Mama Jaspal. Riyadh kaambiwa kuna kazi za usafi karibu na huko, ndiyo sababu. Hakumwambia mdogo wake lile neno. Ningependa angemwambia, ningepata wa kugombana naye.

Miska kalia. Nimemwambia shangazi atakuja kututembelea.

Jumatatu, 4 Novemba

205. Nimepiga deki asubuhi na alasiri. Nyumba ni yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

200. Mwenzangu kazini, Miradie, yuko likizo na mimi nimebeba zamu zake. Leo nimefuta mara moja tu.

Jumatano, 13 Novemba

190. Nimefuta juzi.

Ijumaa, 15 Novemba

Miska analalamika mbao zina baridi, miguu inamuuma asubuhi. Kwenye duka la vitu vilivyotumika barabara kuu nimemkutia zulia dogo, la rangi ya waridi, manyoya marefu mpaka vidole vinazama. Alipoliona alinirukia shingoni, akaniambia mimi ni mama bora duniani. Alisema kwa Kiingereza. Sikujali. Ni muda mrefu hakunirukia hivyo.

Najua Jane angesema nini. Ni zulia dogo tu. Nitalipiga huva.

Jumatatu, 18 Novemba

Kapuliza 175. Nimeandika 205.

Riyadh huisoma karatasi kila akitoka kazini. Akiona inashuka atahesabu siku nyuma, na hesabu yake itaishia kwenye ile siku dada yake alipoondoka. Kesho nitafuta vizuri, namba itapanda, na karatasi itakuwa imesema kweli, ila imetangulia kidogo.

Jumatano, 20 Novemba

170. Nimeandika 205.

Ijumaa, 22 Novemba

160. Nimeandika 200, isionekane kama nabuni.

Jumatatu, 25 Novemba

Miska yuko hai. Naanzia hapo.

Juzi, Jumamosi, kulikuwa na upepo na mvua kubwa tangu asubuhi. Riyadh alikuwa kazini. Kapuliza 155, kifua kinapiga filimbi kidogo. Nikasema leo naimaliza kazi hii. Nikapiga huva chumba kizima, lakini huva yenyewe nilikuwa sijamwaga mfuko wake sijui tangu lini, ikawa inatoa harufu ya vumbi la moto. Kisha nikalishika lile zulia la waridi. Sikuweza kulikung'utia nje kwa mvua ile. Nikalikung'utia mle mle chumbani, dirisha limefungwa. Miska alikuwa sakafuni na wanasesere wake. Niliona vumbi likielea kwenye mwanga wa taa kama moshi, na bado nikakung'uta tena, maana niliona linatoka, nikadhani ndiyo kusafisha.

Baada ya dakika kumi hivi akaniita. Safari hii aliniita mimi. Alisema "Mama," halafu akashindwa kuendelea. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, ngozi ya shingo inazama ndani kila anapovuta. Nikampa pampu ya buluu kwa ile chupa yake ya plastiki ya kuvutia dawa, moja, mbili, mpaka kumi, kama nilivyofundishwa. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Yule wa kwenye simu akaniambia nimkalishe wima, nizungumze naye. Nikamsomea Fatiha, nikarudia, nikarudia.

Hospitalini wakamwekea barakoa ya mvuke na sindano mkononi. Kufika alasiri alianza kuvuta pumzi bila kupigana nayo. Riyadh akaja mbio, bado kavaa koti la kazini, na kwa kuwa ni mtu wa kufikiria mambo, alikuwa kapitia nyumbani kuchukua ile karatasi ya jikoni. Akampa daktari.

Daktari, mwanamke kijana, akaisoma kwa makini. Akasema inashangaza, mtoto alikuwa vizuri kabisa hadi jana usiku, 200, 205, kisha ghafla hivi. Akaanza kutuuliza: amekula kitu kipya? Karanga? Amepewa dawa yoyote? Kuna paka? Riyadh anajibu hapana, hapana. Daktari akaanza kuzungumza habari ya kumpima aleji ya vyakula, kumkataza hiki na kile. Alikuwa anaandika. Nilikuwa naiona kalamu inavyokwenda.

Nikasema, "Hizo namba si za kweli."

Kalamu ikasimama. Riyadh akaniambia kwa Kiswahili kwamba nimechoka, nikae. Nikasema sijachoka. Namba za wiki nzima nimeziandika mimi kutoka kichwani, mtoto alikuwa anapuliza 170, 160, na asubuhi hii 155. Nikasema habari ya zulia, na ya kulikung'uta. Daktari hakunikaripia. Alifuta alichoandika, akauliza namba halisi, nikamtajia zote, maana nilikuwa nimeziandika humu.

Riyadh hakuniuliza kwa nini hadi tulipokuwa peke yetu ukumbini, Miska kalala. Nikamweleza yote, na lile neno la tarehe ishirini na sita pia. Alisikiliza akiangalia sakafu ya hospitali. Kisha akasema, "Aliniambia kapata kazi," akarudi ndani kukaa na mtoto. Hakusema zaidi, na hadi leo hajasema.

Jumatano, 27 Novemba

Tuko nyumbani. 165, na ndivyo nilivyoandika. Zulia nimelitoa. Jane alipiga simu. Nilitaka aseme kosa lilikuwa zulia.

Akasema, "Zulia ni mbaya, sikatai. Lakini ungeniandikia 170 ile Jumatano, ningewaita siku hiyo hiyo nibadilishe dawa. Namba ndiyo macho yangu, Mama Miska. Ulinifunga macho."

Jumapili, 1 Desemba

Nimekwenda Southall, treni tatu. Mama Jaspal alinifungulia, akanikaribisha kwa Kiswahili cha Kisumu, akaniambia Malak hali vizuri tangu asikie kwa Riyadh habari za mtoto.

Wifi alikuwa kakaa kitandani. Chumba kidogo, zulia ukuta hadi ukuta, la mwenye nyumba. Niliomba radhi nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi kwenye treni, yakatoka machache: kwamba nilisema jambo ambalo halisemwi, nikalisema mbele ya mtoto, na kwamba nilikuwa namwonea wivu mpaka nikaacha kumwangalia mwanangu, nikawa naangalia karatasi.

Alinyoosha shuka pale alipokaa. Nilidhani ataniambia niondoke.

"Nilikuwa naamka mapema makusudi," akasema. "Si kwa sababu ya vumbi. Nilitaka akifumbua macho anione mimi kwanza. Na pale nyuma ya mlango, siku ile, palikuwa safi. Kidole changu hakikuwa na kitu."

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimekuja nikiwa mkosaji peke yangu, na kwa kitambo nilitamani kukasirika. Wiki saba nilimwona kama mtu asiyekosea, hakimu mwenye ndoo. Kumbe alikuwa anapigana kama mimi, ila kwa adabu zaidi.

Hakusema amenisamehe. Alisema nimwachie siku chache. Kisha kaniuliza namba ya asubuhi.

Ijumaa, 6 Desemba

185. Dawa mpya, na deki kila siku. Nikiwa na zamu ya asubuhi anafuta Riyadh, vibaya, lakini anafuta. Leo kwa mara ya kwanza kaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 8 Desemba

Wifi kaja kutwa. Hakuigusa ndoo.

Jumamosi, 14 Desemba

200. Wifi ameomba Miska akalale kwake siku moja shule ikifungwa. Kaomba kwangu, si kwa Riyadh. Nikasema kuna lile zulia. Akasema Mama Jaspal amekubali litolewe.

Nilisema nitafikiri. Sikuwa nafikiria zulia.

Ijumaa, 20 Desemba

Shule imefungwa. Nimekwenda Southall mapema bila Miska, na ndoo yangu. Tumekifuta chumba wawili, yeye toka pembe ya dirisha, mimi toka pembe ya kabati, tukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mahali zulia lilipokuwa limegandishwa na gundi tulisugua mpaka magoti yakaisha. Tulizungumza kidogo, habari ya bei za samaki, habari ya mama mkwe wangu huko Wete. Mlangoni tukakutana mgongo kwa mgongo. Kaniita wifi, kaniambia nimpishe.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimempeleka. Shuka mpya, pampu zote mbili, chupa ya plastiki, kibomba cha kupulizia. Nimemwonyesha Wifi kila kitu ingawa anakijua, naye kanisikiliza hadi mwisho. Miska hakugeuka kuniaga mara ya pili. Kwenye treni nilisimama, ingawa viti vilikuwepo.

Jumapili, 22 Desemba

Simu imelia saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimekaa nayo mkononi.

"210," akasema Wifi. Nyuma yake nilimsikia Miska akiomba chai, kwa Kiswahili.

Nikamuuliza kama alikohoa. Hakukohoa. Nikamuuliza kama alihitaji pampu ya buluu. Hakuihitaji. Nikamuuliza kama aliniulizia.

Nilimsikia akiweka kikombe mezani.

"Hapana, Kulthum wangu. Alilala tu."

Angeweza kunidanganya, na ningemshukuru. Nimekwenda jikoni, nimechukua kalamu, nimeandika 210.